Aliyekata Shimo

Siku ya kumi na moja tangu mdogo wake ahamie sebuleni kwao, Fundi alirudi kutoka kazini akakuta kiti chake kimekaliwa. Kilikuwa kiti cha kawaida tu, mbao zimelegea na mto umebonyea upande mmoja kwa kukaliwa miaka mingi na mtu yuleyule. Sasa alikikalia mdogo wake, ambaye vibarua wa uwanjani walimwita Penseli kwa sababu penseli haikumtoka sikioni, na mbele yake alikuwa ametandaza ramani iliyofunika meza nzima. Binti wa Fundi alikuwa ameibana pembe moja ya ramani hiyo kwa kikombe cha chai cha baba yake.

"Kaka, karibu," Penseli alisema, akainuka nusu.

"Kaa, kaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe tumekupa kiti."

Wote walicheka. Mkewe alicheka kuliko wote, na Fundi aliliona hilo. Akavuta kigoda cha jikoni, akaketi karibu na mlango kama mtu aliyepita tu kuulizia njia.

"Baba, hebu njoo uone," binti alisema. "Baba mdogo amechora uwanja wote. Hata nyumba yetu ipo, hii hapa, ndogo kama punje ya mchele."

"Uwanja wenyewe naukanyaga kutwa. Nikautazame tena kwenye karatasi?"

Hakusogea. Hakusogea siku hiyo wala siku zilizofuata, na lau angeinuka akapiga hatua nne hadi mezani, mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Mambo yalikuwa hivi. Klabu ya gofu ilikuwa imepewa mashindano makubwa ya wachezaji wa kulipwa, na uwanja uliowatosha wastaafu na madaktari wa meno kwa miaka arubaini ulihitaji kuchorwa upya. Kampuni iliyopewa kazi ikamtuma Penseli, aliyekuja na kuondoka kwa miezi mingi uwanja ukijengwa upya, mpaka alipohamia kwa kaka yake kumalizia. Fundi naye alikuwa kaimu msimamizi wa uwanja huo. Alikuwa amekaimu miaka sita mfululizo, na wenzake walimtania kwamba ukaimu wake ni wa kudumu. Ada ya Penseli, kuanzia darasa la kwanza mpaka chuo alikojifunza kuchora, ilitoka kwenye nyasi alizokata Fundi. Alimsomesha mwenyewe, na sasa aliyesomeshwa amekuja kumwonyesha pa kukata.

Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, Fundi angevumilia.

*

Ofisi ya Meneja ilikuwa na viti sita na zulia jipya. Siku ya kikao Fundi alifika ametoka kumwagilia maji, mabuti yamejaa tope.

"Fundi, viatu," Meneja alisema bila kuinua macho.

Hali ya soksi zake aliijua. Akaamua kubaki kizingitini na mabuti yake, akasikiliza kikao kutoka pale, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Penseli alikuwa amekaa mkono wa kulia wa Meneja, na mbele yake kulikuwa na chupa ya maji ambayo hakuna aliyemletea Fundi.

"Mashimo ya mchanga, yale ya kuunasa mpira, tunayahamisha," Penseli alieleza. "Yalipo sasa yako mita mia na ishirini tu kutoka mtu anapoanzia kupiga. Mchezaji wa kulipwa anayaruka bila hata kuyaona. Tutayapeleka mita mia mbili na sabini, mpira wake unapoangukia."

"Na watu wetu je?" Fundi aliuliza kutoka mlangoni. "Watu wa Alhamisi?"

"Wao hawafiki huko, kaka."

"Umesikia, Meneja? Anasema watu wetu hawafiki."

"Kaka, maana yangu ni kwamba..."

"Mwache amalize, Fundi," Meneja alisema. "Yeye ndiye mtaalamu."

Neno hilo lilimchoma. Miaka ishirini na miwili uwanjani, na hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu. Walimwita Fundi, na hata fundi wa mabomba huitwa hivyo.

Meneja alimaliza kwa habari ambayo kila mmoja alikuwa ameisikia jikoni kwa wapishi kabla ya kuisikia kwake. Jumamosi angekuja Mkaguzi wa mashindano pamoja na wachezaji wawili wa kulipwa kuujaribu uwanja. Baada ya hapo bodi ingemteua msimamizi mkuu wa kweli, si kaimu tena. "Ni mmoja kati yenu nyinyi ndugu wawili," alisema huku akitabasamu, kana kwamba amewapa zawadi. "Na nyumba inakwenda na cheo. Hilo mnalijua."

Nyumba. Vyumba viwili na sebule ukingoni mwa uwanja, paa la bati ambalo mipira iliyopotea hulipiga adhuhuri na kumshtua mke wa Fundi kila mara, japo aliishi hapo tangu aolewe. Fundi alimtazama mdogo wake aone atasema nini. Penseli aliandika kitu kwenye daftari lake, basi.

*

Alhamisi walikuja watu wa Alhamisi. Hawa walikuwa wachezaji wa kila siku: wastaafu, wenye maduka, na Bibi Mwalimu, ambaye alifundisha hesabu nusu ya mji kabla ya kustaafu na ambaye mpira wake, akiupiga kwa nguvu zake zote, huenda mita mia na kitu. Kila walipofika walimtafuta Fundi kwanza. "Leo shimo umeliweka wapi? Umetuhurumia?" Naye hujibu, "Leo nimewawekea penye huruma," nao hucheka. Kati ya vyote alivyokuwa navyo duniani, hicho ndicho alichoamini hakiwezi kuchukuliwa.

"Bibi Mwalimu," alimwambia siku hiyo, "mchezo wenu umekwisha. Wanachora uwanja wa vijana wanaopiga mpira ukapotelea mawinguni. Nyinyi mtabaki kuokota."

"Nani kasema? Mdogo wako alinifuata juzi na daftari. Tulizunguka mashimo yote kumi na nane, anahesabu hatua zangu, ananiuliza wapi nachoka, wapi mpira unanikimbia. Kijana ana adabu sana yule." Akajifuta jasho. "Umemlea vizuri."

Fundi alisema asante. Kisha akaenda nyuma ya banda la mashine akasimama tu, hakuna alichokwenda kufanya. Hata Bibi Mwalimu! Kiti amechukua, binti amechukua, Meneja amechukua, na sasa amehesabu hatua za Bibi Mwalimu. Alihisi wivu, na aliona aibu, kwa maana yeye alikuwa mkubwa na mwenziwe alikuwa mdogo, na mkubwa haoni wivu kwa mdogo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na haikumsaidia kitu.

*

Ijumaa jioni mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani. Mashati ya Penseli alikuwa ameyapiga pasi, yamepangwa juu ya yale ya mumewe.

"Mbona unanuna?" aliuliza. "Tangu juzi unaongea na sahani."

"Kesho ndiyo kesho. Akipewa yeye cheo, tunahama."

"Tunahamia wapi? Hata akipata yeye, ni yuleyule mdogo wako. Hawezi kututoa. Atakaa chumba cha nyuma, sisi tutakaa hiki. Si bado ni nyumbani?"

Alisema kwa nia njema kabisa. Mwanamke huyu hakuwa na hila. Alikuwa amepima jambo kama anavyopima unga, akaona familia haitalala nje. Lakini Fundi alisikia kingine. Alisikia kwamba mkewe ameshakaa akawaza maisha ambamo mwenye nyumba ni Penseli, na akayaona hayana tatizo.

"Kwa hiyo mimi niwe mgeni wake," alisema.

"Mbona yeye ni mgeni wako na hajafa?"

Kutoka sebuleni kicheko cha binti kilisikika, kisha sauti ya Penseli ikieleza hesabu. Fundi akavaa kandambili akatoka nje, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka walipoacha kucheka.

*

Kukata shimo ni kazi ya mtu mmoja. Mwisho wa kila njia ya gofu kuna uwanda mdogo wenye nyasi fupi kama zulia, unaitwa grini, na shimo hukaa hapo. Lakini halikai mahali pamoja siku zote. Kila alfajiri mkata shimo huenda na bomba la chuma lenye makali chini na mpini juu, huchagua mahali papya, huzungusha, hutoa donge la udongo na nyasi zake, kisha kwa donge hilo huziba shimo la jana. Grini hiyohiyo yaweza kuwa laini kwa watu leo na kuwatoa machozi kesho, kutegemea mkata shimo alisimama wapi. Hakuna anayemkagua. Klabuni pale, kwa miaka ishirini na miwili, mkata shimo alikuwa Fundi peke yake.

Jumamosi alfajiri, umande ungali mzito, alikata mashimo ya grini kumi na saba za kwanza kama kawaida. Alipofika ya kumi na nane akasimama.

Grini ya kumi na nane ilikuwa fahari ya Penseli. Aliichora upya yote: kulia ameinua kama rafu, katikati ameacha mteremko mkali unaounganisha juu na chini, na kushoto kuna sehemu pana, tambarare, ambayo Fundi aliiona kuwa nafasi iliyopotea bure. Fundi akatembea hadi katikati ya mteremko. Akaweka mpira mmoja chini kwa mkono. Ukabingirika wenyewe taratibu, ukazidi mwendo, ukatoka nje ya grini.

Akalisimamisha bomba pale pale, akazungusha.

Nia yake ilikuwa moja tu: Mkaguzi aone mpira haukai, aseme grini hii haichezeki, aliyeichora hajui kazi. Aliziba shimo la jana vizuri, akakanyaga donge kwa kisigino, akasimika bendera. Kisha, kwa kuwa kazi mbovu hakuizoea, akapiga magoti akapunguza kwa mkasi nyasi tatu zilizochomoza ukingoni mwa shimo.

*

Saa tano Mkaguzi aliwasili kwenye grini ya mwisho, na nyuma yake wachezaji wawili, Meneja, wajumbe wa bodi, Penseli, na watu wa Alhamisi walioalikwa kutazama. Mpaka hapo mambo yalikuwa yamekwenda vizuri, vizuri mno kwa ladha ya Fundi. Mara tatu alimsikia Mkaguzi akisema "safi."

Mchezaji wa kwanza alisukuma mpira wake kutoka chini. Ulipanda mteremko, ukakaribia shimo, ukasita, ukarudi mpaka miguuni pake. Akasukuma tena. Ukarudi tena. Mara ya nne watu wa Alhamisi walianza kucheka, na yule kijana, ambaye picha zake ziko kwenye mabango, masikio yakamwiva. Wa pili alipiga kutoka juu. Mpira ulipita shimo ukaenda hadi kwenye viatu vya Bibi Mwalimu.

Meneja alimgeukia Penseli. "Hiki ndicho ulichotuchorea?"

Fundi alisubiri. Alikuwa amesubiri dakika hiyo kwa wiki mbili nzima na alitaka kuionja taratibu.

Lakini Mkaguzi hakumtazama Penseli. Alipiga magoti kando ya shimo, akapitisha kidole ukingoni mwake. "Grini haina kosa," alisema. "Nipeni ramani."

Wakaikunjua juu ya nyasi, wajumbe wanne wakishika pembe, na kwa mara ya kwanza Fundi aliitazama. Grini ya kumi na nane ilikuwa imechorwa kubwa peke yake pembeni. Kulia, kwenye rafu, kulikuwa na duara lenye maandishi: *siku za mashindano*. Kushoto, kwenye ile nafasi aliyoiita ya bure, duara kubwa zaidi: *watu wa kila siku*. Ndani yake ziliandikwa hatua za Bibi Mwalimu. Mteremko wote wa katikati ulichorwa mistari myekundu: *hapa shimo lisikatwe kamwe*. Na chini kabisa, kwa mwandiko ambao Fundi aliununulia madaftari: *Grini hii inamtegemea mkata shimo. Kila siku aamue yeye.*

Naomba mnisamehe nikisema kwamba Fundi alikuwa mjinga. Alitaka kumchafua mchoraji akasahau kitu ambacho kila kibarua pale alikijua: mchoro ni wa mchoraji, lakini shimo lina mwenyewe.

"Nani kakata?" Mkaguzi aliuliza.

Macho yote yalimwendea Fundi. Bibi Mwalimu peke yake aliangalia chini.

"Mimi nilimwagiza," Penseli alisema.

"Wewe?"

"Nilitaka kuona mteremko unavumilia kiasi gani. Yeye alikataa, nikamlazimisha. Alifuata amri."

"Siku ya ukaguzi ndiyo unajaribu?" Mkaguzi aliinuka, akajipangusa magoti. "Unachora vizuri, kijana, lakini akili huna. Kwenye mashindano yangu sikutaki."

Penseli aliitoa penseli sikioni akaitia mfukoni. Hakumtazama kaka yake. Na Fundi, mtu mzima, mwenye mke na binti, alisimama pale akanyamaza.

*

Mashati yaliyopigwa pasi yaliondoka Jumapili asubuhi. Jumanne barua ya bodi ikaja: msimamizi mkuu wa uwanja, si kaimu. Binti aliisoma kwa sauti, akaishia katikati kwa sababu hakuna aliyekuwa anashangilia.

"Alikulazimisha kweli?" mkewe aliuliza walipobaki wawili.

"Hapana."

"Nilijua. Wewe hujawahi kulazimishwa hata kula." Alikwangua kidoa kisichokuwapo mezani. "Nenda kaseme."

"Na nyumba?"

"Nimesema nenda kaseme."

Akaenda. Safari hii alivua mabuti mlangoni mwa Meneja, akakanyaga zulia kwa soksi zake zilizotoboka, akasema yote akiwa amesimama: mteremko, mpira alioujaribu, nia yake. Meneja alimsikiliza huku akitia saini karatasi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Fundi, unadhani bodi ni watoto? Tulijua pale pale. Ila mashindano ni baada ya wiki mbili. Uwanja umeshachorwa, mchoraji hatumhitaji tena. Mkata shimo tunamhitaji." Akafunga kalamu. "Mambo ya wivu wenu muyamalize nyumbani. Vaa viatu, rudi kazini."

Kwa hiyo hata kukiri kwake hakukuwa na thamani. Fundi alirudi nyumbani akapiga simu akiwa amesimama sebuleni, kiti chake kitupu mbele yake, asitake kukikalia. Penseli alipokea upesi.

"Nimemwambia Meneja ukweli," Fundi alisema.

"Kasema nini?"

"Nirudi kazini."

Penseli alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Unaona? Wewe hata ukikosa, unahitajika. Kampuni imenipa barua ya onyo jana, na jina langu wameshaliondoa kwenye tovuti yao."

"Mdogo wangu, sijui nikuambie nini. Ulinifichia aibu mbele za watu, wakati mimi..."

"Usije ukadhani ilikuwa mapenzi, kaka." Sauti yake ilikuwa imetulia, kama ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo njiani kote. "Tangu nina akili, nguo yangu ni iliyokubana wewe. Daftari langu ni la kwako. Nikifaulu, watu wananiambia, mshukuru kaka yako. Nikipata kazi, mshukuru kaka yako. Siku nilipoingia kwenu na begi, neno la kwanza jirani aliloniambia lilikuwa hilohilo. Hujui nilivyokuonea wivu. Si nyumba wala cheo. Nilikuonea wivu kwa kuwa wewe ndiye unayetoa. Jumamosi nikaona nafasi ya kutoa kitu ambacho wewe huwezi kukirudisha, nikaishika kwa mikono miwili."

Fundi aliegemea ukuta. Nje, mpira uliopotea uligonga bati, na jikoni mkewe akashtuka, kisha akasikia mumewe anaongea.

"Ni yeye?" aliita kutoka jikoni. "Ndiye unayeongea naye? Mshukuru basi! Mshukuru mdogo wako!"

Penseli alikuwa amesikia, na alikuwa anasubiri.

"Asante," Fundi alisema.